Vijana wacheze himaya za nyotani, lakini wawe na mwamuzi na daftari

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie mchezo ambao wazazi wengi wakiuona kwenye simu ya mtoto hudhani ni upuuzi. Wachezaji watano au sita wanagawana anga. Kila mmoja ni mtawala wa himaya yake huko kwenye nyota, ana mji mkuu, ana manowari, ana waziri na jemadari, na wote wanaandikiana: barua za ubalozi, mikataba ya biashara, vitisho, matangazo ya vita. Hauhitaji kompyuta wala programu ya kununua. Ni maandishi matupu, na yanaweza kuwa ya Kiswahili kizuri tangu salamu ya kwanza hadi vita vya mwisho.

Tatizo ni kwamba michezo hii huvunjika upesi. Wiki ya kwanza kila mtu anaandika kurasa, ya pili vita vinazuka, ya tatu watu wanagombana kikwelikweli, ya nne kundi limenyamaza. Lawama zinawaangukia vijana kwamba hawana subira. Mimi naona kosa liko kwenye msingi. Himaya zimeanzishwa bila mwamuzi, bila ramani na bila daftari la mapato, kwa hiyo hakuna kinachomzuia mtu kuandika kwamba ana manowari elfu kumi, na hakuna njia ya kujua nani kashinda ila kwa kupigiana kelele. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba ina wiki za kutosha kucheza mchezo mzima hadi ukamalizika, na wanaotaka kuujaribu wanaweza kuandaa kila kitu kwa jioni mbili.

Mwamuzi ndiye wa kwanza kutafutwa. Hana himaya, hana upande, na neno lake kuhusu matokeo ndilo la mwisho. Kazi yake ina historia ndefu. Jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, lilipoanza mwaka 1824 kufundishia maofisa wake kwa mchezo wa vita wa Luteni Reisswitz, kila upande uliandika amri zake kwenye karatasi, mwamuzi akazisoma, kisha akamwonyesha kila kamanda kile tu ambacho askari wake wangeweza kukiona. Mwaka 1959 Mmarekani Allan Calhamer alitoa mchezo wa ubao uitwao Diplomacy, wenye dola 7 za Ulaya, na humo amri zote huandikwa kwa siri zikafunuliwa kwa pamoja. Chukueni yote mawili. Amri zikiwa wazi, anayeandika mwisho hushinda kila mara kwa sababu ameshasoma za wenzake, na kila mtu ataanza kuvizia awe wa mwisho.

Mwamuzi akitawala himaya naye, hata awe mwadilifu namna gani, siku meli zake zitakaposhinda hakuna atakayemwamini. Asicheze.

Watawala 5 wanatosha. Wakiwa 3, wawili huungana dhidi ya mmoja mapema na mchezo umekwisha. Wakizidi 7, anayeumia ni mwamuzi: kila mtawala akiruhusiwa mambo makubwa 3 kwa zamu, watawala 5 wanampa mambo 15, na kwa dakika 10 kila jambo hiyo ni kazi ya saa mbili na nusu. Watawala 8 ni mambo 24, saa nne nzima, mara mbili kwa wiki. Mwamuzi anachoka, matokeo yanachelewa siku moja, kisha tatu, na wachezaji wanaacha kufungua kundi.

Sasa ramani. Wengi huchora duara za nyota kwenye karatasi nyeupe na mistari kati yake, halafu wanabishana kuhusu masafa. Karatasi ya miraba ni afadhali, lakini nayo ina kasoro: ukienda kimshazari unapita masafa marefu zaidi, karibu mara 1.4, kuliko ukienda wima au upande, na mjanja atakwenda kimshazari siku zote. Dawa yake ni kuchora ukuta wa matofali. Chukua daftari la hesabu, lile la miraba, ufanye kila miraba miwili iliyo sambamba iwe tofali moja, halafu msitari unaofuata usogeze mraba mmoja kando, kama fundi anavyopanga matofali ili viungo visikutane. Kila tofali la katikati linagusana na mengine 6, na hatua ya kuingia lolote kati ya hayo ni moja tu. Chora matofali 12 kwa upana na 10 kwa urefu, jumla 120. Safu zipewe herufi, mistari ipewe namba, ili mtu aseme D7 na kila mmoja aone pale pale.

Rusha dadu kwa kila tofali; ikitoka 1 au 2, weka nyota. Utapata nyota karibu 40, yaani kama 8 kwa kila himaya. Miji mikuu ikae umbali wa matofali 4 au zaidi. Ikikaribiana kuliko hapo, mtu atavamiwa zamu ya pili kabla hajaandika hata barua moja, na huyo hatarudi likizo nyingine.

Masafa yenyewe yanataka uamuzi mapema. Nyota iliyo karibu zaidi na jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, maana yake nuru yenyewe, ambayo hakuna kinachoipita mbio, inachukua miaka minne na miezi mitatu kufika. Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima na mabaharia wa pwani wamelitumia tangu kale kujua majira, liko karibu miaka ya nuru 440, kwa hiyo nuru tunayoiona leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa mwaka 1593. Mtawala anayeheshimu fizikia kikamilifu atasubiri jibu la barua yake mpaka afe. Ndiyo maana michezo mingi huweka milango au njia za mkato angani. Hakuna ubaya, mradi njia hizo ziwe na mwendo uliopimwa. Manowari na jahazi ziende matofali 2 kwa zamu, dau la upelelezi matofali 3, na habari zisafiri matofali 4. Tukio lililotokea matofali 6 kutoka mji mkuu mtawala atalisikia zamu moja baadaye.

Hapo sisi watu wa pwani tuna kitu cha kuongeza. Wekeni pepo za msimu. Zamu 4 ziwe za kaskazi, upepo utokao kaskazini, 4 zinazofuata ziwe za kusi, utokao kusini, kisha mgeuze tena. Wakati wa kaskazi chombo cha mwendo wa 2 kinachoelekea kusini mwa ramani kinakwenda matofali 3, kinachopanda kaskazini kinakwenda 1 tu, na kinachokwenda kando kinabaki na 2. Kusi ikivuma, geuzeni. Kanuni hii ndogo inabadilisha mchezo wote. Mtawala anayevamia mwishoni mwa kaskazi lazima ajiulize meli zake zitarudi lini. Nyota iliyo katikati ya ramani inakuwa bandari ambako vyombo vya watu wote vinangojea msimu, na anayeimiliki anatoza ushuru. Historia ya Mombasa, Malindi, Lamu na Pate ilisukumwa na pepo hizi hizi, na mtoto aliyepanga safari ya jahazi lake kwa msimu ataelewa bila kuhubiriwa kwa nini miji hii ilikuwa na wageni miezi fulani na mitupu miezi mingine.

Nije kwenye daftari, ambalo kwangu ndilo moyo wa mchezo wote.

Bidhaa ziwe tatu: chakula, madini na nishati. Mji mkuu unatoa 2 za kila aina kwa zamu. Nyota nyingine inatoa 2 za aina moja tu. Kujenga manowari kunataka madini 2 na nishati 1, na kila manowari inakula chakula 1 kila zamu, iwe inapigana au imetia nanga. Anzeni kila mtu na manowari 2, dau 1 na jahazi 1. Dau na jahazi hazili, ila jahazi halipigani. Linabeba bidhaa 2 kwa safari. Hapo dari limeshawekwa: himaya isiyo na nyota ya chakula ina chakula 2, kwa hiyo haiwezi kulisha zaidi ya manowari 2. Hakuna haja ya kumkataza mtu kuandika manowari elfu kumi. Aulizwe tu zinakula nini.

Mwamuzi apange nyota mbili zilizo karibu na kila mji mkuu zitoe bidhaa za aina moja, na jirani wa upande mmoja awe na kile ambacho mwenzake anakikosa. Wachezaji wakiwa na kila kitu nyumbani hawaandikiani barua. Anayekosa madini atatuma mjumbe zamu ya kwanza, kwa heshima zote, na anayekosa chakula atakubali masharti ambayo hayapendi. Jahazi la kupeleka madini litapita karibu na nyota ya mtu wa tatu, ambaye naye atataka chake.

Kuna ugonjwa mwingine ambao daftari hili linautibu. Mwenye nyota nyingi anapata mapato mengi, anajenga manowari nyingi, anateka nyota nyingi zaidi, na kufika zamu ya sita matokeo yanajulikana huku zamu 10 zimebaki. Basi kuanzia nyota ya sita, kila nyota itoe bidhaa 1 badala ya 2, kwa kuwa liwali, yaani gavana, aliye mbali anajilipa kwanza. Himaya ya nyota 5 inapata bidhaa 16: 6 za mji mkuu na 10 za nyota. Yenye nyota 10 inapata 21. Imetawala maradufu lakini imeongeza bidhaa 5 tu, na mipaka yake ya kulinda imekuwa mirefu. Mtawala huyo ataona faida ya kumwachia jirani nyota mbili kwa mkataba wa kudumu.

Na chombo cha vita kilicho zaidi ya matofali 3 kutoka bandari ya kwao kitakula chakula 2 badala ya 1. Kisipolishwa zamu moja hakisogei. Zamu ya pili kinafutwa. Watu hukasirikia kanuni hii kuliko zote, na mimi naitetea kuliko zote. Ngome ya Yesu ilizingirwa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa zaidi ya mizinga, na merikebu za msaada kutoka Goa, India, zilifika wakati ngome imeshaanguka. Mchezo wa himaya ambao mizinga yake haihitaji kulishwa hauna habari yoyote na vita.

Amri zitumwe kwa mwamuzi peke yake, Jumatatu na Alhamisi, mwisho saa tatu usiku, na matokeo yatoke jioni inayofuata. Kwa wiki 8 hizo ni zamu 16. Karatasi ya amri iwe fupi: mapato yangu, matumizi yangu, mambo makubwa yasiyozidi matatu, na namba nne ambazo nitazieleza punde. Amri iandikwe hivi: “Manowari 4 kutoka D7 kwenda E6, iwapo zitakuta manowari zaidi ya 3, zirudi D7.” Iwapo moja inatosha kwa kila amri. Mkiruhusu iwapo tatu au nne, mwamuzi atageuka wakili wa kutafsiri mikataba.

WhatsApp inafaa, ila ina mtego. Ujumbe uliotumwa unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15, na unaweza kufutwa kabisa. Aliyetuma amri saa tatu kasoro dakika mbili, akasikia fununu, anaweza kuibadilisha baada ya muda kupita. Kwa hiyo mwamuzi apige picha ya skrini ya kila amri saa tatu kamili, na inayohesabika ni iliyo kwenye picha. Ile huduma ya ujumbe kujifuta wenyewe izimwe siku ya kwanza. Kuwe na makundi mawili: moja la baraza la watawala, ambako kinachoandikwa kinasemwa na mtawala, na jingine la maswali ya kawaida. Mtu akilazimika kusema jambo lake binafsi barazani, atangulize neno NJE. Usaliti wa mfalme na usaliti wa rafiki ni vitu viwili, lakini visipotengwa kwa alama inayoonekana, kijana wa miaka 15 atavichanganya, na mkubwa pia.

Mikataba? Waahidiane watakavyo faraghani, lakini mwamuzi atambue ule tu uliomfikia kutoka pande zote mbili kwa maneno yale yale. Maneno yakitofautiana hata kidogo, hakuna mkataba. Sharti hili linafundisha kuandika kwa usahihi haraka kuliko zoezi la darasani, kwa sababu “tutasaidiana” ya mmoja na “atanisaidia” ya mwingine zinagharimu nyota.

Vita viamuliwe kwa hesabu na bahati kidogo. Kila manowari ni nguvu 1. Anayelinda mji wenye ngome anaongezewa 2. Kila upande unajumlisha dadu moja. Tofauti ikiwa 1 au 2, aliyeshindwa anapoteza manowari 1 na kurudi nyuma. Ikiwa 3 au zaidi, anapoteza nusu. Wakienda sare, kila mmoja anapoteza 1 na hakuna anayesogea. Kabla ya kushambulia, mtawala ajue anachokinunua. Pande mbili zikilingana nguvu, kati ya matokeo 36 ya dadu mbili kila mmoja ana 15 ya kushinda, na sare ni 6. Ukiwa na ziada ya 2 unashinda 26, sare 4, unashindwa 6. Ukiwa na ziada ya 5, matokeo mabaya kuliko yote ni sare, nayo hutokea mara 1 kati ya 36.

Nani arushe dadu wakati kila mtu yuko nyumbani kwake, mmoja Likoni, mwingine Kisauni? Mwamuzi akirusha peke yake, minong’ono haitakosekana. Ndipo zinapokuja zile namba nne. Kila mtawala anaweka kwenye amri yake namba nne kati ya 1 na 6, azipendazo. Vita vikitokea, namba ya kwanza ya mshambuliaji na ya kwanza ya mlinzi zinajumlishwa. Zikizidi 6, toa 6. Hiyo ndiyo dadu ya mshambuliaji. Namba za pili za wote wawili zinafanya dadu ya mlinzi. Hata mmoja akiwa na mpango wake, maadamu mwenzake amechagua ovyoovyo, matokeo ni ya bahati tupu.

Tazama mfano. Manowari 4 zinashambulia G5, penye manowari 2 na ngome. Nguvu ni 4 kwa 4. Mshambuliaji alituma 5 na 2 mwanzoni mwa namba zake, mlinzi 4 na 6. Tano na nne ni 9, toa 6 inabaki 3: mshambuliaji ana 7. Mbili na sita ni 8, toa 6 inabaki 2: mlinzi ana 6. Tofauti ni 1, mlinzi anapoteza manowari moja, ile iliyobaki inakimbia, G5 imetekwa. Mwamuzi anatangaza namba zote barazani na kila mtu anahakikisha mwenyewe kwa vidole.

Baada ya hesabu ndipo yanapoanza maandishi, na hapa Kiswahili chetu kina msaada ambao sijaona ukitumiwa. Ugomvi mkubwa wa michezo ya namna hii ni mtu kumwandikia mwenzake yaliyompata: “Nimeteketeza mji mkuu wake, mfalme wao akapiga magoti.” Nani kasema kapiga magoti? Magoti si yako. Basi pawe na sheria ya njeo. Jambo lolote linalomgusa mtawala mwingine, mchezaji aliandike kwa -na- au -ta-: “Manowari zangu zinashuka juu ya mji, mizinga inaelekezwa lango la kusini.” Hiyo ni nia na jaribio. Viambishi -me- na -li- ni vya mwamuzi: “Lango la kusini limevunjika.” Kisha mwenye mji ndiye anayeandika watu wake walivyopokea, kama walilia au walikaa kimya wakizima taa nyumba kwa nyumba. Mchezaji akikosea, mwamuzi hana haja ya hotuba; anamrudishia sentensi abadilishe kiambishi kimoja.

Sheria ya pili ya uandishi ni kutenganisha unachokijua wewe na anachokijua mfalme wako. Umesoma barazani kwamba jirani kajenga manowari 5? Mfalme wako hajui mpaka dau lake lipite pale. Na dau lisilete hesabu kamili. Mwamuzi ajibu kwa maneno matatu tu: chache, maana yake 1 au 2. Kadhaa, 3 hadi 5. Nyingi, kuanzia 6. Kati ya kadhaa na nyingi ndimo mnamozaliwa hofu, na hofu ndiyo inayoandika barua nzuri.

Majina nayo. Inasikitisha kuona himaya ya kijana wa Mombasa ikiwa na majina ya filamu za Marekani. Tunao maliwali, makadhi, madiwani, matamimu, mafumo, maakida, manahodha, masarahangi. Tuna Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali kabla hatujafika mbali. Na anga si jambo la kuazima: setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini huko upande wa Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru.

Barua za watawala zikiwa za mashairi, ndiyo tunarudi kwetu hasa. Wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu karne ya 19, Muyaka bin Haji na washairi wa upande wa pili walijibizana kwa tungo, na neno lililopigwa vizuri liliuma kuliko jeshi. Mtawala anaweza kutuma tarbia ya ubeti mmoja, mizani 8 kwa 8, kwa himaya iliyomfungia madini:

Salamu nakutumia, uliye mbali nyotani,
Madini ukizuia, tutakuja milangoni,
Manowari zatulia, zasubiri bandarini,
Jibu kabla hujalia, tuandike ya amani.

Anayepokea ana zamu moja kujibu kwa vina vile vile. Mwamuzi anaweza kumpa aliyejibu bila kuvunja mizani nishati 1. Isizidi hapo, la sivyo fundi wa mashairi atanunua manowari kwa tungo na wengine watavunjika moyo.

Silaha za ajabu zinahitaji neno. Kila mchezo hupata mtu anayebuni mashine ya kuzima jua. Ikishakubaliwa, jibu pekee la mwenzake ni mashine kubwa zaidi, na baada ya wiki hakuna anayejali tena nyota, chakula wala mkataba. Uvumbuzi uruhusiwe, lakini uchukue zamu 3, ulipiwe nishati 2 kila zamu, mwamuzi atangaze kwamba himaya fulani inajenga kitu, na mwisho wake uongeze 1 kwa jambo moja lililotajwa mapema: mwendo, ulinzi au mavuno. Zamu hizo tatu za kutangaziwa ndizo tamu, kwa sababu majirani wana muda wa kuogopa, kupeleleza na kuungana.

Watu watakosa zamu. Umeme hukatika, bando huisha, mtu husafirishwa kwa bibi yake Kwale. Kila mtawala aandike mwanzoni wosia wa mistari mitatu: akinyamaza, himaya yake ilinde nini, imuuzie nani, isimshambulie nani. Akikosa zamu ya kwanza, wosia unafuatwa. Akikosa ya pili, mwamuzi anatangaza liwali. Akikosa ya tatu, himaya inakabidhiwa mchezaji mpya ikiwa nzima. Isigawanywe kwa majirani, maana aliye karibu atapata dola ya bure na uzani wote wa mchezo utaharibika siku hiyo.

Na aliyetekwa mji mkuu asitupwe nje. Kijana aliyeshindwa zamu ya tano akikaa karibu wiki sita akitazama wenzake, mmempoteza. Apewe dau 1 na manowari 1 awe mfalme mkimbizi, au haramia wa kuwinda majahazi, au mjumbe wa kukodiwa. Watawala waliokimbia huandika barua kali kuliko wote, na walio madarakani huanza kuwatafuta kwa siri.

Mchezo uwe na mwisho, ila siku yake isijulikane. Wachezaji wakijua zamu ya 16 ndiyo ya mwisho, wote watavunja mikataba zamu ya 16. Kuanzia mwisho wa zamu ya 12 mwamuzi arushe dadu mbele ya mashahidi wawili wasiocheza. Ikitoka 5 au 6, umekwisha papo hapo. Isipotoka mpaka 16, unafungwa. Hesabu ya ushindi: alama 1 kwa kila nyota, na 3 kwa kila mkataba uliodumu zamu 5 au zaidi na ukawa hai siku ya mwisho. Kwa hesabu hiyo mwenye nyota 6 na mikataba 2 anafika 12, sawa na aliyeteka nyota 12 na kubaki bila rafiki.

Ombi langu ni kwa walezi wa vyama vya Kiswahili mashuleni, na kwa wazee wanaokaa barazani Mji wa Kale jioni na wanaojua kusema hapana bila kupaza sauti: jitoleeni kuwa waamuzi. Ndio wanaokosekana, watawala wako tele. Nawe Mhariri, ukitenga pembe moja ya ukurasa wa vijana uchapishe ramani ya mchezo mmoja na barua mbili tatu za watawala wake kila wiki, wachezaji watajua kuna anayesoma.

Kabla ya zamu ya kwanza, chezeni zamu moja ya majaribio isiyohesabiwa. Kila mtu atume amri, mwamuzi apige picha zake, vita kimoja cha bandia kipigwe kwa zile namba nne, na jahazi moja lisafiri. Makosa ya ramani yatajitokeza hapo, nyota iliyosahaulika bidhaa yake itaonekana, na atakayechelewa kutuma amri siku hiyo muulizeni kama saa tatu usiku inamfaa kweli au msogeze iwe saa mbili.

Msomaji wako,
Mji wa Kale, Mombasa